Papa Aliyefungiwa Zizini Mai Mahiu

Kiti changu

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza bombani, na mmoja wenu, ambaye simtaji kwa kuwa mkewe ni mtu mwema, ameniuliza kwa sauti kubwa mbele ya watu kama ni kweli nilisafiri siku nne nikiwa nimejikojolea. Naandika mara moja tu. Msome kwa zamu, na karatasi zangu zirudi bila alama za mafuta.

Mnanijua mimi ni mtu wa namna gani. Nilizaliwa katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, nikasoma mpaka kidato cha pili, nikarudi katika landi zile zile, nikapata ukarani wa ghala, na tangu hapo safari yangu kubwa imekuwa kutoka kitini kwenda kazini na kutoka kazini kurudi kitini. Miguu ya ukoo wetu alirithi dada yangu mdogo, Peresi. Huyo alikwenda chuo cha ualimu, akarudi na vitabu, na sasa anafundisha bayolojia katika shule ya wasichana kule Subukia.

Muhula huu Peresi aliwaambia wasichana wake kwamba baharini kuko samaki asiye na mfupa hata mmoja mwilini, ambaye hatagi mayai bali hubeba mimba na kuzaa watoto wazima, na kwamba samaki huyo ni papa. Mwalimu Mkuu, Bwana Obadia, alikuwa akipita dirishani. Yeye ni mtu wa ziwani kama sisi. Aliingia, akamwuliza Peresi mbele ya darasa kama nyumbani kwao walikula samaki au walimnusa tu. Peresi akamletea kitabu. Bwana Obadia akasema kitabu kimeandikwa na watu wanaonunua samaki akiwa ameshakatwa vipande, na kwamba yeye alichomoa miiba kooni mwake kabla mwandishi hajazaliwa. Akampa mpaka Ijumaa ya kufunga shule: ama amletee samaki huyo mwenye mimba, ampasue mbele ya macho yake, ama muhula ujao afundishe ushonaji, na bayolojia apewe mwalimu wa bustani. Hayo hayakuwa maneno ya hasira tu. Barua ilikwisha kupigwa chapa, inangoja sahihi.

Mimi niliposikia habari hiyo nilicheka. Nilimwambia Peresi kwamba hata mimi sijapata kuona samaki akimnyonyesha mwanawe. Naandika jambo hili mwanzoni mjue kwamba sikuanza safari nikiwa upande wa haki.

Peresi hakucheka. Alimwandikia binamu yetu Yona, anayefanya kazi bandarini Mombasa, amtafutie papa mdogo, jike, mwenye tumbo. Yona akampata kwa wavuvi, akamfunga katika sanduku la mbao lenye chumvi na maranda, akampakia kwenye treni. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo: kwenda stesheni Jumanne asubuhi, kupokea sanduku, kulipeleka Subukia. Peresi aliniletea na barua ya kurasa tatu kuhusu papa, nisome nisije nikajibu upuuzi nikiulizwa, na mwisho alipigia mistari miwili maneno haya: *Tumbo lisikatwe njiani. Likikatwa atasema watoto tumewatia sisi.*

Stesheni sanduku halikuwapo.

"Mzigo wako umeshushwa Naivasha," karani wa mizigo akaniambia.

"Kwa nini?"

Akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama tena. "Imeandikwa inakojoa," akasema.

Nakuru hadi Naivasha

Mambo ya ruhusa, pasi na mihuri nayaruka, kwa maana mnayajua na yananipandisha damu. Itoshe kusema kwamba saa nne nilikuwa juu ya magunia ya unga, katika lori la dereva mmoja anayeitwa Mutiso, nikiwa nimevaa suruali yangu ya kazini na viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani ningerudi kula chakula cha mchana.

Kabla ya Gilgil tulipata pancha, nikahamia mbele kwa Mutiso. Akaniuliza nafuata nini. Nikamwambia.

"Papa ni ile inakula watu," akasema.

"Wewe umeona mtu aliyeliwa?"

"Hapana. Lakini nimesikia."

"Na mimi nimesikia madereva wa lori wana mke katika kila mji."

"Hiyo ni kweli," akasema, akabadilisha gia.

Nikaona nimsomee kurasa za Peresi. Nilimsomea kwamba papa wapo wa aina nyingi sana, na wengi hawamzidi mtu urefu. Kwamba meno yao yamepangwa safu kwa safu, na likianguka moja lingine linasogea mbele kushika nafasi yake. Mutiso, ambaye ana mapengo mawili, alilitafakari hilo mpaka tukafika kizuizini. Hapo askari alituteremsha sote, akamwaga begi langu, na alipoona kurasa zenye mchoro wa samaki na mishale ya kuonyesha sehemu za mwili, akauliza ni ramani ya nini. Nilisimama juani karibu saa nzima nikieleza ini la samaki. Aliponiachia alinirudishia kurasa mbili, ya tatu akabaki nayo kwa uchunguzi zaidi. Sijui mpaka leo uchunguzi huo umefikia wapi.

Naivasha nilikula mandazi mawili ambayo yangefaa kuziba pancha, nikaenda stesheni. Mwenye zamu alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionichosha zaidi.

"Sanduku lilikuwa linatona," akanieleza. "Gadi wa treni akanusa. Mzee, wewe ni mtu wa hapa Bonde, unajua ile harufu. Ni ya ndama. Na sasa kuna ugonjwa wa miguu na midomo, hakuna mnyama anapita bila karatasi. Watu wanaficha ndama kwa masanduku."

"Ni samaki."

"Samaki hakojoi, mzee."

Basi nikatoa ukurasa. Nikamweleza kama Peresi alivyoandika, kwamba maji ya chumvi humnyonya samaki maji yake ya mwilini, na papa hujikinga kwa kuweka katika damu na nyama yake kitu kile ambacho sisi tunakitoa kwa mkojo. Akishakufa kitu hicho huoza, ndipo harufu inatoka. Kwa hiyo harufu ile ni ushahidi kwamba ni papa, wala si ndama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo amejizuia kukojoa tangu azaliwe."

"Si mkojo wenyewe. Ni kile kitu kinachofanya mkojo uwe mkojo."

"Pole yake," akasema kwa moyo mweupe kabisa. "Lakini hayuko hapa. Watu wa mifugo wamempeleka kwa zizi la karantini, Mai Mahiu."

Niliuliza kama katika reli yote hii, yenye injini na simu na saa za ukutani, hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuinua kifuniko akatazama. Akasema kifuniko cha mnyama wa karantini hakiinuliwi ila na mtu wa mifugo. Nikasema si mnyama. Akasema ndiyo maana anapelekwa kwa mtu wa mifugo, aseme kama si mnyama. Mnaniuliza kwa nini nimerudi nikiwa nimekonda. Nimekonda pale, palepale kwenye lile dirisha la mizigo.

Naivasha hadi Mai Mahiu

Mutiso alikuwa akingoja tairi, na tairi lilifika Jumatano adhuhuri. Nilikuwa nimelala kwenye benchi la kanisa na kuamka nikiwa na umbo la benchi. Rejeta ya lori ikachemka chini ya mlima Longonot. Tukangoja ipoe. Ikachemka tena. Nilikaa kando ya barabara nikihesabu: Jumatano inakwisha, imebaki Alhamisi, na Ijumaa asubuhi dada yangu atasimama mbele ya wasichana wake mikono mitupu.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alituuzia mahindi ya kuchoma, akauliza tunakwenda wapi.

"Huyu mzee anafuata samaki yake," Mutiso akamwambia. "Imeshikwa na serikali."

"Imefanya nini?"

"Imekojoa."

Yule mama aliniangalia kwa huruma, akaniongeza hindi moja.

Tulifika Mai Mahiu jua likielekea kwenye ukuta wa bonde. Malori yamesimama kwa mstari, madereva wanakunywa chai, na nyuma ya vibanda kuna zizi la miti lenye bango la karantini. Mutiso akasema anapanda Nairobi, angepita tena kesho kunichukua. Nikaenda zizini.

Sanduku langu lilikuwa kivulini, peke yake, katikati ya zizi. Mbele yake palikuwa na nyasi mbichi zilizokatwa vizuri na karai la maji.

Zizini

Mtu wa mifugo aliitwa Kiprono, mzee mrefu mwenye koti la kaki na viatu vya mpira. Alikuwa ametoka kwenye mashamba ya juu siku hiyo hiyo.

"Wewe ndiyo mwenyewe?" akaniuliza. "Hii ndama yako hajakula tangu jana."

Nikamwomba afungue. Akang'oa misumari, akainua kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni nyoka."

"Ni samaki."

"Kwetu hiyo ni jambo moja tu."

Lakini alikuwa mtu wa wanyama, na mkono wa mtu wa wanyama hautulii. Alirudi. Alipangusa maranda. Papa mwenyewe alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, hafikii urefu wa mke wangu. Kiprono akapitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, kikateleza; akakirudisha kutoka mkiani kwenda kichwani, kikakwama kama kwenye msasa. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha akaweka mikono miwili chini ya tumbo, akafumba macho, na vidole vyake vikaanza kutembea polepole kama vya mpiga kinanda.

"Hii iko na mimba," akasema.

Mimi, mwenye kidato cha pili, nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya mimba hiyo bila kuiamini sawasawa. Yeye aliiamini kwa vidole, kwa muda wa kuvuta pumzi.

"Sita. Labda saba," akasema, akachomoa kisu.

"Unafanya nini?"

"Mnyama akikufa na mimba, lazima tupasue. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba. Hiyo ni sheria."

Sasa hapa mtacheka, chekeni. Mimi ambaye sijapata kugombania hata nafasi ya foleni ya maji, nilishusha kile kifuniko nikakikalia. Nikamwambia akitaka kumpasua papa aanze na mimi. Kiprono aliniangalia nilivyokaa, magoti pamoja, viatu vya kanisani, akarudisha kisu alani kwa upole wa mtu anayeogopa kumtisha mbuzi.

"Sema maneno," akasema, akakaa juu ya karai alilolipindua.

Nikamweleza yote: darasa, Bwana Obadia, barua inayongoja sahihi, na kwamba tumbo likifunguliwa hapa dada yangu hana ushahidi tena.

"Huyo mwalimu mkuu amezalisha ng'ombe ngapi?"

"Hajazalisha. Ni mtu wa ziwani."

"Basi habari ya mimba anajua nini." Akatema mate pembeni. "Hii inanyonyesha?"

"Hapana. Hana maziwa."

"Watoto watakula nini?"

"Huzaliwa na meno. Wakishatoka kila mmoja anakwenda kujitafutia. Mama hawangoji."

Hilo halikumpendeza. Alitikisa kichwa kwa muda. "Anabeba miezi ngapi?"

Nikatazama kurasa zangu mbili zilizobaki. "Dada yangu ameandika karibu mwaka mzima, kwa wa aina hii."

"Kupita ng'ombe."

"Kupita ng'ombe. Na anangoja miaka kabla ya kupata mimba ya kwanza. Samaki wengine wanamwaga mayai maelfu, yakiliwa yakabaki mawili si neno. Huyu anazaa hawa sita saba, basi."

Kiprono alikitazama kifuniko. Nilidhani anafikiria sheria. Kumbe alikuwa anafikiria kama mwenye ng'ombe.

"Sisi, hata njaa iwe namna gani, hatuchinji ile iko na mimba kubwa," akasema. "Nani aliuza hii?"

"Wavuvi walimvua. Wanamvua kwa ini. Lina mafuta mengi."

"Hao walivua. Nimeuliza nani alitaka iko na mimba."

Nikaona bora niseme kweli. "Sisi. Tuliagiza jike mwenye tumbo."

"Ndiyo mtu mmoja aone."

"Ndiyo."

"Hiyo mtu haiwezi kuambiwa tu."

"Ameambiwa. Hakuamini."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea, maana hasira yangu ilikuwa tayari imepangwa yote upande wa Bwana Obadia, upande wa reli, upande wa askari aliyebaki na ukurasa wangu. Aliinuka tu, akaniambia nitoke juu ya kifuniko, akaenda kibandani kwake. Alirudi na chumvi ya ng'ombe kwenye debe, ile ya mawe ya kulamba, ameitwanga. Akaitoa ile ya Yona iliyokwisha kulowa, akamfunika papa upya kwa mikono yake, akipita polepole kwenye tumbo, akapigilia misumari.

"Nitaandika ilikufa na kitu ingine," akasema.

Mai Mahiu hadi Nakuru, kwa kusimama Kikopey

Alhamisi saa tatu Mutiso alirudi, safari hii akiwa na abiria nyuma: mama mmoja mwenye kuku kikapuni, mzee wa makamo mwenye fimbo, na wengine watatu ambao baadaye walikubaliana dhidi yangu kwa kila jambo. Sanduku likawekwa katikati. Nililikalia, kwa kuwa sikumwamini mtu tena.

Chumvi mpya ilikuwa inavuta maji. Kufika Naivasha maji hayo yalikuwa yamepita kwenye mbao yakaingia kwenye suruali yangu. Na ile harufu, jua lilipoipiga, ikasimama kama abiria wa saba.

Mama mwenye kuku alivumilia mpaka akashindwa. "Mzee," akasema bila kuniangalia, "si ungesema gari isimame. Sisi wote ni watu."

"Si mimi, mama. Ni samaki."

Wote wakatazama suruali yangu.

"Samaki gani inanuka hivyo? Mimi nimekaa Kisumu miaka sita," akasema mmoja wa wale watatu.

Nikaanza kueleza damu na chumvi ya bahari. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kusogea, mpaka nikawa na nusu ya lori peke yangu na kuku mmoja aliyekuwa akinitazama kwa jicho moja. Sijui kama mmepata kuwa na haki ya kitaalamu kabisa, iliyoandikwa kwenye karatasi, huku suruali yako inatona. Haisaidii kitu.

Kikopey palikuwa na banda la nyama. Mutiso akasema tule. Mwenye banda aliniona nikishuka, akanielekeza kwa kisu mahali pa kusimama, mbali, upande upepo unakokwenda. Wenzangu walikaa kwenye mbao wakaletewa mbavu za mbuzi zenye chumvi na ugali wa moto. Mimi nililetewa zangu kwenye jani la mgomba na mtoto aliyeliweka chini akakimbia. Nilikula nimesimama kando ya sanduku langu, inzi wengi kuliko nyama. Na nyama ilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba sikuweza hata kuilaumu.

Yule mzee mwenye fimbo akaja akasimama karibu nami. Nilishukuru, nikidhani amekuja kunisalimu.

"Usione haya," akaninong'oneza. "Hata mimi nilikuwa na hiyo. Kuna mzizi, unachemsha asubuhi. Baada ya wiki mbili unakaa mkavu."

Akanipa kipande chake mwenyewe kutoka mfukoni. Nilikipokea. Nilikuwa nimechoka kuwa na haki.

Nakuru hadi Subukia

Mke wangu hakuniruhusu kuingiza sanduku ndani, wala suruali. Ijumaa alfajiri nilipata lori la maziwa linalorudi Subukia na makopo matupu. Dereva alikubali kwa sababu alikuwa na mafua. Tulipanda, tukazama kwenye matope, tukasukuma, tukashuka upande wa pili, bonde likiwa limejaa ukungu na mahindi yakitona maji. Karibu na shule mafua yakamwachia ghafla. Akasimamisha gari.

"Karani, hiyo itaingia kwa makopo yangu," akasema. "Maziwa inashika harufu. Mimi nitafukuzwa kazi."

Nilijiandaa kugombana, kisha nikaona uso wake. Alikuwa na hofu ya kweli. Nikashusha. Mama mmoja wa shamba la jirani akaniazima toroli, nikasukuma sanduku lile mlimani, gurudumu likilia kwa kila mzunguko, mpaka nikaona madirisha ya shule na Peresi amesimama mlangoni na aproni nyeupe. Alikuwa amesimama hapo tangu kengele ya kwanza.

"Tumbo?" akauliza.

"Zima."

Ndipo akanisalimu.

Darasani

Walimweka papa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Madirisha yote wazi. Wasichana thelathini, leso puani. Bwana Obadia akaingia, mtu mnene mwenye tai, akanusa, akanitazama mimi.

Peresi alimpa kisu yeye. "Kata wewe, Mwalimu Mkuu. Baadaye usije ukasema mkono wangu ulificha kitu."

Nitasema hili kwa haki: alijua kushika samaki. Alivua koti, akakunja mikono, akaanza nyuma ya kichwa mahali ambapo mtu wa ziwani hutafuta mfupa wa mgongo. Kisu kikapita. Akasimama. Akakata tena, chini zaidi, na kisu kikapita tena, laini, kama kinachokata sikio la ng'ombe. Akaingiza kidole, akatafuta mwiba, kama anavyotafuta mtu anayemlisha mtoto. Hakupata.

Akafungua tumbo. Ini likatangulia, kubwa, la manjano, linang'aa mafuta. Peresi akaeleza kwamba ndilo linalomsaidia papa asizame, maana hana kile kifuko cha hewa walichonacho samaki wengine. Chini ya ini, katika mifuko miwili, walikuwamo. Bwana Obadia aliwatoa mmoja mmoja akawapanga juu ya meza. Saba. Kila mmoja papa kamili, mwenye mapezi na macho, na kila mmoja ana kitovu kilichomfunga kwa mama yake.

"Kama ndama," akasema msichana mmoja wa mbele.

Bwana Obadia aliwahesabu kwa ncha ya kisu. Akavuta kitovu kimoja taratibu, kikakaza. Akafikiri. Kisha akasema, na nusura nimrukie: "Basi huyu si samaki. Kwa hiyo mwalimu alikosea kumwita samaki."

Siku nne. Suruali yangu. Mzizi ule ulikuwa bado mfukoni mwangu. Nilifungua mdomo, lakini Peresi aliweka mkono wake hewani kuninyamazisha, akamwuliza: "Haya matundu matano hapa shavuni, Mwalimu Mkuu, alikuwa anapumulia nini?"

Akayatazama. Akaingiza kidole, akaona nyuzi nyekundu za ndani, zile zile za ngege na samaki wengine wa kwao ziwani. Tulisikia papa akitona mezani.

"Maji," akasema mwishowe. Akatoa ile barua mfukoni mwa koti, akaitumia kufutia kisu.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo ndipo tulipokuwa tumeshinda. Lakini yule msichana wa mbele aliinua mkono.

"Mwalimu, hawa walikuwa wamebakiza siku ngapi kuzaliwa?"

"Chache," Peresi akasema. "Yona ameandika kwamba mama yao alivuliwa kwenye maji ya kina kifupi. Huingia huko kuzaa, mahali ambapo papa wakubwa hawafiki kuwala watoto. Wavuvi wanapajua."

"Kwa hiyo alikuwa anakwenda kuzaa."

"Ndiyo."

"Na alikuwa anazaa hawa tu kwa mwaka."

"Labda hata mwaka mwingine asizae."

Msichana akawatazama wale saba. "Nani alisema avuliwe?"

"Mimi," Peresi akasema. "Mimi ndiye niliyeagiza." Akaweka chaki chini. Hasira yangu yote, ambayo nilikuwa nimeibeba tangu Nakuru kama sanduku la pili, sikujua tena niiweke mezani kwa nani. Nami nilikuwa wa kwanza kumcheka.

Bwana Obadia alisafisha koo. "Sasa kuna jambo," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenye shule tena. "Nilikwisha mwandikia msimamizi wa shule kwamba hapa panafundishwa porojo. Anakuja muhula ujao. Itabidi aone. Mwalimu Peresi, agiza mwingine. Mkubwa kidogo."

"Hapana."

"Hataniamini."

"Utamwandikia kwamba umeona."

"Nimwandikie kwamba mimi, Obadia, mtu wa ziwani, nimepasua samaki asiye na mfupa nikatoa watoto saba wenye vitovu?"

"Ndiyo."

"Atasema nimelewa."

"Anaweza," Peresi akasema. "Na anaweza kuniondoa mimi. Lakini siagizi."

Bwana Obadia akavaa koti lake. Kisha akaomba karatasi, akakaa kwenye dawati la wasichana, magoti yakimgusa kidevu, akaandika. Mara mbili aliinuka kwenda kuhesabu tena. Alipomaliza aliniomba nitie sahihi kama shahidi, nikatia. Mchana tuliwazika wote nyuma ya bustani ya kabichi, na jembe alilishika yeye.

Jibu limekuja juma hili. Peresi ameniandikia lilivyo. Ni mstari mmoja: msimamizi anamkumbusha Bwana Obadia kwamba samaki hutaga mayai, na anamshauri apumzike likizo hii. Nasikia Bwana Obadia hajapumzika. Ameandika barua ya pili, kurasa nne, na mchoro, na majina ya wasichana thelathini walioona, na mwishoni amesema kwamba mtu akitaka kumwondoa mwalimu wake wa bayolojia aje kwanza Subukia amweleze yeye ule mfupa uko wapi. Bado hajajibiwa. Papa mwingine hajaagizwa.